Chandarua kilichonigusa shingoni

Nesi aliniuliza swali analomuuliza kila mgonjwa wa malaria. "Chandarua unalalia?"

"Ninacho."

"Sikukuuliza kama unacho, kaka yangu."

Nikanyamaza. Mtu mzima wa miaka 31, mhasibu wa watu, ningemwambia nini? Kwamba chandarua kimekunjwa juu ya kabati siku ya kumi na mbili, na kila nikikiangalia mwili unanisisimka, kwa sababu ya gemu? Nikachukua mseto wangu, vidonge 24 vya siku tatu, nikaenda zangu.

Hivi karibuni wenzangu wawili kazini wamenunua miwani ya VR, ile inayokufunika macho ikakuona uko ndani ya gemu lenyewe, na kila mmoja kwa wakati wake kanifuata kuniuliza gemu gani la kutisha ni zuri. Niliwajibu kwa mkato. Jibu lenyewe ni refu, na ndilo hili.

Miwani yangu ilikuwa ya aina ya Quest 2, ya mtumba. Niliinunua mwanzoni mwa 2022 kwa shilingi 850,000 kutoka kwa jamaa aliyerudi nayo kutoka Dubai. Ukinunua ya mtumba, hakikisha mwenyewe ameondoa akaunti yake mbele ya macho yako, kisha ivae na utazame ukuta mweupe. Ukiona madoa yasiyosogea, lenzi zimeanikwa juani na kioo cha ndani kimeungua. Yangu ilikuwa na doa moja upande wa kulia, dogo kama punje ya ulezi, na mpaka leo lipo. Kuhusu kununua sina zaidi.

Wiki ya kwanza nilicheza vitu vya upole: kuvua samaki, ping-pong, kutembea juu ya majengo marefu. Kichefuchefu kilinipata mapema. Mimi ni mtu wa Pemba, nikalielewa haraka tatizo langu. Kwenye boti, ukiketi ndani huku chombo kinapita Nungwi, macho yanaona viti vimetulia ilhali sikio la ndani linahisi mawimbi. Wawili hao hawakubaliani na tumbo ndilo linalolipa. Kwenye miwani ni kinyume chake: macho yanakimbia na mwili umesimama. Dawa niliyoiona ni kuchagua mwendo wa kuruka kituo hadi kituo badala ya kuteleza, kugeuka kwa hatua za mkato, na kuivua kabla tumbo halijachafuka, maana likishachafuka utalala nalo.

Sasa nije kwenye hofu.

Filamu za kutisha nimeangalia tangu sekondari na sikumbuki iliyoninyima usingizi. Kwa hiyo nilipoamua kununua gemu la nyumba yenye mizuka sikuwa na wasiwasi wowote. Nilishasoma kwamba mwaka 2017, gemu la kutisha la Resident Evil 7 lilipotoka na kuchezeka mwanzo hadi mwisho ndani ya miwani ya PlayStation, wapo wachezaji wazoefu walioishia kulimalizia kwenye televisheni. Nilicheka. Niliwaona watu wa kudeka.

Nilichokuwa sijakifikiria ni jinsi ninavyoangalia filamu. Mkononi nina chai. Pembeni yupo mtu wa kumtania. Tukio likikaribia, nageuza shingo kidogo nione pembe ya dirisha, kisha narudi. Yote hayo ni breki, na nilikuwa nikizitumia miaka yote bila kujua. Ukivaa miwani breki hizo zinang'olewa. Ukigeuza shingo, nyumba inageuka nawe, na huenda unachokikimbia ndicho kipo upande ulioutazama. Ukifumba macho, sauti inabaki, tena inatoka mahali pake hasa: nyuma, kushoto, hatua tatu. Mtafiti Mel Slater aliwahi kueleza, mwaka 2009, kwamba miwani hii inatudanganya mara mbili: kwanza kwamba upo pale, pili kwamba linalotokea pale linatokea kweli. Akasisitiza kwamba unadanganyika huku ukijua fika kuwa ni uongo. Nilikuja kuisoma sentensi hiyo nikiwa nimechelewa mno.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumamosi, mwezi Machi, yapata saa tano. Ninaishi chumba kimoja na sebule, Tabata. Sebuleni kulikuwa na mafundi wameacha ndoo za rangi, nikaona nicheze chumbani. Kosa la kwanza. Watengenezaji wanashauri eneo la wazi la mita mbili kwa mbili; mimi nilikuwa na upenyo kati ya kitanda na kabati, nikachora ndani ya miwani mpaka wangu wa kuchezea hadi juu ya ukingo wa godoro ili mashine ikubali. Kosa la pili. Taa ndogo ya kona niliiacha, si kwa hekima bali kwa sababu kamera za miwani hazioni gizani. Pangaboi lilikuwa likizunguka. Chandarua kilikuwa kimeshushwa, tayari kwa kulala.

Gemu silitaji jina; halina kosa, limefanya kazi iliyotangazwa kwenye jalada. Unatembea kwenye korido ndefu ya nyumba kuukuu na taa mkononi. Kwa dakika kama ishirini hakitokei kitu. Mlango unalia. Picha ukutani imeinama. Hakuna kitu, na mwili wangu ulishaanza kuhesabu: mabega yamepanda, pumzi fupi, viganja vimelowa hadi rimoti za kuchezea zinateleza. Nilijisemea kwa sauti, "Ni gemu hili, ni gemu." Nikasikia sauti yangu inavyotetemeka, nikaogopa zaidi.

Kisha nikasikia hatua nyuma yangu. Moja. Mbili. Nikaganda. Na hapo ndipo kitu laini kikanipapasa shingoni.

Pangaboi lilikuwa limepeperusha chandarua.

Sikumbuki kupiga kelele, jirani ndiye aliyeniambia. Niliruka, nikazungusha mkono nyuma kwa nguvu zangu zote, ukagonga kona ya kabati. Mguu ukanasa kwenye wavu, wavu ukang'oka darini pamoja na msumari wake, nikaanguka kitandani nikiwa nimefunikwa gubigubi, miwani ingali usoni, na ndani ya miwani yule kiumbe ameshafika ananitazama. Nilipigana na chandarua kile kama mtu anayepigania roho. Nilipofanikiwa kuichomoa miwani niliitupa, ikaangukia kwenye nguo chafu, Mungu akainusuru.

"Jirani! Vipi huko?"

"Panya," nikajibu.

Kidole cha kati kilipasuka, rimoti ilipata ufa, na jino moja la mbele linauma hadi leo nikinywa maji ya baridi, sijui nililigonga na nini. Gharama za mwili zilikuwa hizo tu, na hazikunikosesha usingizi.

Nimekuja kugundua baadaye kwamba mguso ule haukuwa jambo dogo. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2002: watu walivaa miwani, wakaingizwa kwenye chumba chenye shimo refu katikati, na wapimaji wakafuatilia mapigo ya moyo. Moyo ulikwenda mbio. Lakini walipowekewa chini ya miguu kipande cha ubao halisi, unene wa inchi moja na nusu tu, ili wausikie ukingo wa shimo kwa nyayo, hofu iliongezeka. Kwa hiyo pazia, paka, waya wa chaji, upepo wa feni, vyote hivyo ndani ya miwani si pazia wala paka. Kabla ya kucheza gemu lolote la kutisha ondoa kila kinachoweza kukugusa. Laiti ningelijua hili tu, ningejiokolea malaria.

Maana kilichofuata sikukitegemea. Jumapili nilikuwa mzima, nikawasimulia watu, tukacheka. Mikono yangu niliiona ngeni kidogo, kama si yangu, hali ambayo wachezaji wengi wa VR wanaisimulia na ambayo kwangu iliisha kwa saa kadhaa. Jioni nilikifunga upya chandarua. Nikaingia, nikakichomeka chini ya godoro, nikazima taa. Pangaboi likakisukuma kidogo kikanigusa bega, na moyo ukalipuka vilevile kama jana. Nilijua ni chandarua. Nilikuwa nimekichomeka mwenyewe dakika mbili zilizopita. Kijasho chembamba kikanitoka, nikawasha taa, nikakaa kitako hadi saa nane.

Usiku wa tatu nikakabwa na jinamizi. Macho yamefunguka, mwili haunyanyuki, weupe wa wavu umenizunguka, na mlangoni kuna mtu. Kesho yake nikakivua chandarua nikakikunja juu ya kabati, nikajiambia Tabata yetu haina mbu siku hizi.

Hili ndilo ninalotaka watu walisikie, maana sikuwahi kuliona likisemwa. Filamu ikikutisha, hofu inabaki na sura ya filamu: nyumba ile, msitu ule, mji wa mbali. Miwani inakutisha ukiwa umesimama chumbani mwako, na mwili, usiojua habari za picha, unaandika mahali pale. Unaandika sakafu ile, harufu ile, mguso ule. Ukivua miwani korido inatoweka, kitanda kinabaki. Mimi nilifundishwa kuogopa sehemu ninayolala, na nilijifundisha mwenyewe kwa pesa yangu.

Hata kuivua kwa pupa kulikuwa kosa, ingawa usiku ule sikuwa na hiari. Mara tatu kabla yake niliwahi kuivua hofu ilipofika kileleni, na kila mara nilisikia raha ya ajabu. Raha ile ni ada ya shule: mwili unajifunza kwamba umepona kwa sababu umekimbia, basi mara ijayo unataka kukimbia mapema zaidi. Siku hizi nikizidiwa nasimamisha gemu, nabaki humohumo kwenye menyu tulivu, nahesabu pumzi hadi moyo ushuke, ndipo naivua. Inachukua dakika mbili. Usingizi wa usiku huo ni tofauti kabisa.

Ungedhani baada ya malaria nimepata akili. Sikupata.

Mapema mwezi Mei nilikwenda Unguja kwa dada yangu kula Idi, nikabeba miwani. Ukweli nilitaka kujionyesha. Siku ya pili, mchana, nyumba imejaa, kila mtu akataka kujaribu. Niliwapa watu wazima korido ile, tukacheka hadi machozi. Na sikiliza jambo hili: mchana ule, katikati ya kelele na harufu ya pilau, hata mimi niliivaa na sikuogopa sana. Kisha mpwa wangu, wa miaka tisa, akanishika shati. "Mjomba, na mimi."

Kijitabu cha miwani wakati ule kilisema miaka 13. Sikukisoma, na sidhani kama ningekisoma ningesikia. Nilimvalisha. Tulitoa simu tukamrekodi, tukisubiri apige kelele tucheke. Hakupiga kelele. Alisimama kimya, mikono ameibana kifuani, kama dakika tatu. Mimi nikasema, "Huyu dume!" Nilipomvua alikuwa amejikojolea.

Video ile niliifuta, lakini nimeiona vya kutosha. Kila kitu kipo: vidole vya miguu vimekunjwa, kidevu kimeshuka, hageuzi shingo hata kidogo. Mtoto anayelia anaomba msaada. Anayenyamaza ameshakata tamaa ya kusaidiwa. Ukimvalisha mtu yeyote, mkubwa au mdogo, mtazame viganja na vidole vya miguu, usisubiri sauti.

Kwa wiki tatu hakuenda chooni peke yake. Alikojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu chekechea. Dada alinipigia, hakunigombeza, na hapo ndipo nilipojua amekasirika kweli. Alisema, "Umemletea mwanangu mtu ndani ya nyumba yangu. Sasa njoo umtoe."

Bibi ndiye aliyekuwa na la maana. Alikuwa kwa dada siku zile za Idi, na jioni ya tukio, watu walipotulia, aliniuliza lile dude nimelinunua bei gani. Nikamtajia. Akatazama pembeni kidogo. "Ulilipa pesa ili uogope?" Kisha akakumbuka mwaka 1995, yule jini Popobawa alipozagaa Pemba kisha akavuka Unguja, watu wanavamiwa vitandani usiku. Wapo wataalamu waliokuja kufananisha habari zile na jinamizi, mtu kuamka mwili umeganda. Bibi hakuingia kwenye ubishi wa yupo au hayupo. Alieleza walichofanya. Walitoa mikeka nje. Mtaa mzima ukalala uani, moto katikati, mmoja akikoroma mwingine anamcheka. "Chumbani hakulaliki mtu na hofu yake peke yake," alisema. "Nje kule tuliogopa, lakini tuliogopa wengi."

Nimewasoma wataalamu kadhaa tangu siku ile na wanazungukia palepale. Mathias Clasen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwafungia vipima moyo wageni wa nyumba ya kutisha mjini Vejle, wakachapisha mwaka 2020 kwamba raha ya kuogopa ipo katikati: hofu ikiwa haba inachosha, ikizidi inaharibu. Kabla ya hapo walishaona kwamba wako wanaojichochea hofu na wako wanaoipunguza, kwa kushikana, kutazama pembeni, kujikumbusha kuwa ni mchezo, na wote huweza kufurahi. Mimi ni wa kundi la pili, na nilikwenda kucheza mahali ambapo mbinu za kundi la pili hazifanyi kazi. Huko Taiwan, Jih-Hsuan Lin alichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu zaidi ya 100 waliochezeshwa gemu la mazombi kwenye miwani, na hakuishia kuuliza waliogopaje. Aliwauliza pia kuhusu kesho yake. Swali hilo la kesho yake ndilo wauzaji hawaliulizi.

Kumtoa mtu nyumbani kwa dada nilifanya hivi. Nilirudi Unguja wikiendi mbili. Sikumvalisha mtoto miwani tena. Nilirusha picha ya miwani kwenye televisheni ya sebuleni, mchana, milango wazi, sauti imezimwa, nikacheza mimi naye akikaa mbali alipotaka, rimoti ya TV mkononi mwake. Mkataba ulikuwa kwamba akibonyeza kuzima, tumezima, hakuna kuulizwa. Siku ya kwanza alizima baada ya sekunde kumi. Akazima tena, na tena. Alizima kama mara thelathini, nadhani, na katikati ya mara hizo akaanza kucheka. Wikiendi ya pili alitaka tumsogelee yule kiumbe tumtazame meno. Tukagundua ana meno matatu tu.

Mimi nilijitibu kwa njia hiyohiyo. Tangu 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walionyesha kwamba miwani hii inaweza kumtibu mtu anayeogopa vimo, kwa kumpandisha kidogo kidogo na kumwacha akae hapo mpaka mwili uchoke kuogopa. Nikakishusha chandarua kutoka kabatini, nikakifua, nikakilalia kwanza mchana wa Jumapili, dirisha wazi, redio inaongea. Usiku wa kwanza niliacha pangaboi limezimwa nikaoga jasho. Wa nne nikaliwasha namba moja. Nikiguswa nilikaa tu, nikiacha moyo upige uchoke. Ilichukua kama wiki mbili. Ikiwa kwako imepita mwezi na usingizi haurudi, muone daktari. Na mwenye moyo mbovu, kifafa, mimba, au kumbukumbu ya jambo baya lililowahi kumpata kweli, huyo asianze kabisa. Maonyo ya maradhi na mimba wameyaandika wenyewe kwenye kijitabu, kwa herufi ambazo mimi sikuzisoma.

Bado nacheza. Sebuleni, kabla ya magharibi, na mtu pembeni anayeona ninachokiona kwenye skrini. Chumbani miwani haiingii hata kwa kuchajiwa. Korido ile nimeifuta.

Idi kubwa, mwezi Julai, nilikuwa tena kwa dada. Mpwa wangu alikuja uani nilipokuwa nakuna nazi, akakaa karibu.

"Mjomba, yule wa koridoni bado yumo?"

"Nimemfuta."

Akafikiri kwa muda. "Basi kaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mama yake ndiye aliyemjibu, kutoka jikoni, bila kugeuka.

"Kaenda kwao. Njoo unawe mikono."